Je, Wajua? Baridi Inayosifiwa

Je, wajua kwamba ‘cool’, neno ambalo vijana wa London na Chicago wanalo mdomoni kutwa kucha, lina zaidi ya miaka 1,000? Limo katika Kiingereza cha Kale, na hata wakati huo lilibeba mambo mawili: kitu kisicho moto, na mtu asiyepandwa na jazba. Kusifia viatu, wimbo au rafiki kwa neno hilohilo kulikuja baadaye sana.

Je, wajua kwamba ‘cool’ hunenepesha fedha? Tangu karne ya 18 Waingereza husema ‘a cool thousand’, yaani elfu nzima, tena inayotajwa kana kwamba si kitu. Leo ni ‘a cool million’. Kwetu mambo ni kinyume: fedha ikipoa imepungua. Muuza mitumba anayenadi bei poa hana maana ya milioni.

Je, wajua kwamba Abraham Lincoln alilitumia kwa kejeli? Ilikuwa tarehe 27 Februari 1860, katika ukumbi wa Cooper Union, New York. Watetezi wa utumwa wa majimbo ya Kusini walikuwa wakitishia kuuvunja Muungano iwapo angechaguliwa rais wa chama cha Republican, kisha lawama wawatwike Republican wenyewe. Lincoln akasema hiyo ni ‘cool’, akawafananisha na jambazi anayekuwekea bastola sikioni na kukwambia kwamba akikuua, muuaji utakuwa wewe. Hakuwa akiwasifu. Siku hizo neno hilo lilimtosha mtu asiye na haya, yule ambaye Waswahili tunasema ana macho makavu. Wao wakaona baridi, sisi tukaona ukavu. Haya imekosekana pande zote mbili.

Je, wajua kwamba Waingereza hupima utulivu kwa tango? Mshairi John Gay alilitia tango katika shairi lake la mwaka 1732, na hadi leo mtu asiyebabaika ni ‘cool as a cucumber’. Kwetu ipo ndizi: poa kichizi kama ndizi. Mimi naipa ndizi ushindi, kwa vina tu.

Je, wajua kwamba sifa tunayoijua leo ilipikwa na Wamarekani weusi? Mwandishi Zora Neale Hurston alikwishaliweka neno hili vinywani mwa wahusika wake, kwa maana ya kitu kizuri, katika hadithi fupi aliyoichapisha mwaka 1933. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, mchezaji wa besiboli James Bell wa timu ya St. Louis Stars alibandikwa jina ‘Cool Papa’ kwa kuwa, japo alikuwa kijana mdogo, umati haukumtetemesha. Weusi hawakuruhusiwa kucheza katika ligi kuu wakati huo, kwa hiyo alizeekea kwenye ligi zao. Jumba la kumbukumbu za mashujaa wa mchezo huo lilimpokea mwaka 1974.

Kisha neno hilo likashikwa na wanamuziki. Jazi ya mwanzo ilisifiwa kwa kuwa ‘hot’: ya kasi, ya jasho, ya kuwapandisha watu mori. Wanahistoria wengi wa muziki humtaja mpiga saksafoni Lester Young kuwa ndiye aliyelieneza ‘cool’ miongoni mwa wenzake. Sauti yake ilikuwa nyepesi na isiyo na haraka, na msemo wake ulikuwa wa mafumbo hata wageni wakapotea. Mwaka 1949 na 1950 Miles Davis aliingia studio New York na kundi la watu tisa, wakarekodi muziki wa taratibu uliopangwa kwa makini. Nyimbo hizo zilipokusanywa kwenye sahani moja mwaka 1957, sahani ikaitwa ‘Birth of the Cool’.

Kwa maoni yangu hapo ndipo penye siri ya neno hili. Mtu mweusi wa Marekani ya enzi hizo alikuwa na sababu tele za kuwaka, na kuwaka kungeweza kumgharimu uhai. Aliyebaki ametulia huku hajainamisha kichwa alikuwa ameshinda jambo kubwa. Ndiyo maana naona neno lilidumu, wakati ‘swell’ na ‘groovy’ yamebaki kwenye filamu za zamani: yale yalisifu tu, hili lilikuwa na tabia ndani yake.

Je, wajua kwamba wapo wanaoupeleka mzizi wa tabia hiyo hadi Afrika Magharibi? Robert Farris Thompson, mwanahistoria wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Yale, aliandika mwaka 1973 kuhusu ‘itutu’ ya Wayoruba, ubaridi wa tabia unaomfanya mtu aheshimike. Msemaji wa Kiswahili hahitaji kushawishiwa sana. Moyo uliopoa anaujua.

Je, wajua kwamba mwaka 1924 Calvin Coolidge aligombea urais wa Marekani kwa kaulimbiu ‘Keep Cool with Coolidge’? Alishinda.

Je, wajua kwamba kihusishi kimoja kinaweza kukuharibia siku? ‘My boss is cool with me’: bosi hana neno nawe. ‘My boss was cool to me’: amekununia, tafuta pa kujificha. Mezani, mwenyeji akikuuliza kama utaongeza wali nawe ukajibu ‘I'm cool’, umekataa, na bakuli litapita. Mtu akikukanyaga, akaomba radhi, ‘it's cool’ ni yaishe. ‘Not cool’ ni karipio, la upole lakini ni karipio. ‘He lost his cool’ si kwamba ameangusha kitu, amefoka.

Kiswahili nacho kina mitego yake. Mgeni aliyejifunza ‘mambo, poa’ wiki iliyopita anaweza kudhani kwamba kila kitu ni halali kukiita poa. Mtu poa, sawa. Chakula poa, sawa. Lakini akiwa Dar es Salaam asije akamsifu dada wa mapokezi kuwa ni dada poa: hilo ni jina la wanaouza miili barabarani usiku, na atakayelitamka huenda akahitaji hoteli nyingine.