Sinia la Matunda Kabla ya Pilau

Imam Ghazali, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliyefariki mwaka 505 Hijria (1111 Miladia), ameandika katika Ihyaa, mlango wa adabu za kula, kwamba mwenye karamu akiwa na matunda ayatangulize mbele ya chakula. Dalili aliyoishika ni mpangilio wa Suratul Waaqia, aya ya 20 na 21: matunda yametajwa mwanzo, kisha nyama ya ndege. Sisi watu wa Pwani tumeipindua adabu hiyo. Pilau hutangulia, halafu mgeni aliyekwisha shiba huletewa kipande cha tikiti akitazame.

Enyi akina mama mlioko Kisii na Nyamira, kwa ndoa, kwa kazi au kwa kuzaliwa huko, nyinyi hamna udhuru. Mnaishi ndani ya shamba. Nendeni Keroka, mji uliokaa mpakani mwa kaunti hizo mbili, mtakuta ndizi, maparachichi, mananasi, makarakara na matunda damu. Lakini wako wenye kuyapita yote hayo wakaenda dukani kununua matofaa yaliyovuka bahari, pamoja na kopo la yoghati. Tofaa si haramu. Mashaka yangu yako kwenye kopo. Baadhi ya yoghati huzidishwa uzito kwa jelatini, nayo hutolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Soma maandishi ya kopo. Ukiona jelatini pasipo kuelezwa asili yake, liache. Mgeni wako anakula kwa kukuamini.

Mtindi wa kuchovyea hutengenezwa nyumbani bila gharama kubwa. Chukua lita 1 ya maziwa ya ng'ombe, uyachemshe, yakisha kuwa vuguvugu utie vijiko 2 vya mtindi wa jana, ufunike. Usiku wa Kisii, mji ulio kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, una baridi, basi uvishe sufuria blanketi. Asiyefanya hivyo huamka akakuta maziwa ni maziwa. Asubuhi umimine mtindi katika kitambaa safi cha bafta, uuning'inize saa nne au tano mpaka maji yachuruzike na ubaki mzito. Tia vijiko 2 vya asali, iliki iliyotwangwa na chembe ya chumvi. Asiyepatana na maziwa apondewe parachichi lililoiva kwa asali na ndimu.

Osha kila tunda kabla ya kulimenya, kwani kisu huingiza ndani uchafu wa ganda. Kisu cha vitunguu kikae mbali. Matunda damu uyamwagie maji ya moto kidogo, ganda lake chungu litavuka lenyewe. Ndizi zikatwe mwisho kabisa na zipakwe ndimu zisiwe nyeusi. Karakara likate nusu tu, mgeni atajichotea. Nanasi na papai msivichanganye na mtindi mapema: vina nguvu ya kuvunja maziwa, na baada ya muda mtindi huwa mchungu. Bakuli likae katikati ya sinia, kila mtu achovye wakati wa kula.

Wapo watakaosema kuchanganya tunda na kitu kingine ni mambo ya kigeni. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Abdullah bin Jaafar kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akila tende mbivu pamoja na tango.

Kateni kwa kadiri ya watu waliopo. Sinia la watu sita latosha kwa nanasi 1 la wastani, ndizi 6, maparachichi 2, makarakara 6 na matunda damu machache. Kitakachobaki kipelekwe kwa jirani siku ile ile, awe Muislamu au si Muislamu.