Risasi na Mvutano wa Dunia

Risasi haiendi kwa mstari ulionyooka. Mara itokapo mtutuni huanza kuvutwa na dunia, sawasawa na jiwe lililoachiliwa kutoka mkononi. Ikienda mita 800 kwa sekunde, ukinzani wa hewa ukipuuzwa, hushuka sentimita 8 katika mita 100, na sentimita 31 katika mita 200: umbali ukiwa mara mbili, mshuko huwa mara nne. Kwa hiyo mtutu huinuliwa kidogo kuliko mstari wa jicho. Askari wa wanyamapori aliyeirekebisha bunduki yake kwa mita 100, akimlenga nyati aliye mita 200, atapiga yapata sentimita 15 chini; na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kuliko mzima. Umbali hukadiriwa kwanza, ndipo hulengwa.