Kufadhili Duara: Maana na Asili ya Kitenzi cha Fedha katika Machimbo ya Geita na Shinyanga

Kitenzi cha Kiingereza "finance" hutafsiriwa kwa Kiswahili kuwa kugharimia au kufadhili. Katika machimbo madogo ya dhahabu, kama yale ya Nyarugusu mkoani Geita na Mwakitolyo mkoani Shinyanga, tafsiri hiyo ya pili inagusa suala zito: nani anamdai nani.

Asili ya "finance" ni kitenzi cha Kifaransa cha kale "finer", yaani kumaliza au kulipa deni, kilichotokana na neno la Kilatini "finis", mwisho. Katika karne ya 15 kitenzi cha Kiingereza kilimaanisha kulipa fidia ya kumkomboa mtu. Maana ya kutoa mtaji ilijitokeza katika karne ya 19. Mzizi huohuo ndio uliozaa faini, neno ambalo Kiswahili kimelikopa kutoka Kiingereza: malipo yanayofunga shauri.

Kufadhili kuna asili tofauti. Mzizi wake wa Kiarabu, wenye dhana za ziada na hisani, umezaa pia fadhila, afadhali na tafadhali. Methali "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi" imehifadhi maana hiyo: aliyefadhiliwa anadaiwa shukrani, si fedha.

Machimboni, mwenye duara asiye na mtaji hutafuta mfadhili wa kugharimia chakula cha wachimbaji, magogo ya kukingia kuta, baruti na mafuta ya jenereta. Mwamba wenye dhahabu ukipatikana, mfadhili hurudishiwa gharama na kupata mgawo, au hupewa haki ya kuinunua dhahabu hiyo kwa bei waliyokubaliana. Duara lisipotoa dhahabu, swali huzuka. Ikiwa fedha ile ilikuwa hisani, hakuna deni. Ikiwa ni mkopo, mwenye duara atalipa. Ikiwa ni uwekezaji, mtoaji naye anabeba hasara. Kitenzi kufadhili kinaruhusu tafsiri zote tatu, na makubaliano ya mdomo hayaachi maandishi ya kurejelea.

Soko la dhahabu lililofunguliwa mjini Geita mwezi Machi 2019 liliweka bei bayana, lakini haliwezi kufafanua ahadi iliyotolewa kabla ya jiwe la kwanza kutoka shimoni. Kwa hiyo, mikataba ya uchimbaji mdogo inahitaji vitenzi visivyo na utata, yaani kukopesha au kuwekeza, pamoja na kifungu kinachotaja mbebaji wa hasara. Kufadhili kubaki na maana yake ya awali: kutoa bila kudai.