Sukari Iliyomo na Sukari Tuitiayo

Kabla jua halijachomoza, katika nyumba nyingi za Mbagala, Tandika na Manzese, birika huwa limekwisha kuchemka. Chai ya rangi yenye tangawizi humiminwa vikombeni, na vijiko vitatu vya sukari huingia katika kila kikombe bila mtu kufikiri. Mgeni akipewa chai isiyokolea, wenyeji huonekana mabahili. Ndiyo desturi yetu, na si rahisi kuipinga mbele ya mama mkwe.

Hata hivyo, ndugu msomaji, sukari haikai koponi peke yake. Embe lililoiva, papai, ndizi mbivu, hata maziwa, vyote vina sukari yake ya asili. Tofauti ni namna inavyoingia mwilini. Ndani ya tunda, sukari imeshikamana na nyuzinyuzi na maji mengi, nayo hufyonzwa polepole. Tena mlaji hushiba upesi. Ni wachache walao machungwa manne kwa mkao mmoja, lakini machungwa hayo hayo yakikamuliwa hujaza bilauri inayonywewa kwa dakika moja, makapi yakatupwa. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, halikuihesabu sukari ya tunda zima wala ya maziwa, bali lilihesabu ile inayotiwa katika chakula na vinywaji, pamoja na ya asali, shira na maji ya matunda. Wanaoamini kwamba asali ni dawa na haina kipimo watanisamehe.

Shirika hilo linashauri sukari hiyo isizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu zote tuzipatazo katika chakula. Kwa mtu mzima ni kama gramu 50 kwa siku, yaani vijiko vya chai 12 hivi. Nusu yake ni bora zaidi. Kijiko kilichosawazishwa huchukua kama gramu 4. Sasa tumhesabie mfanyakazi wetu. Chai ya asubuhi, vijiko 3. Mchana chupa moja ya kola ya mililita 350, karibu vijiko 9. Chai ya jioni, vijiko 3. Jumla ni 15, wala hatujaligusa andazi. Na vijiko vyetu, tuseme kweli, hujazwa kilima.

Njia nyepesi ni kuitazama kilo. Familia ya watu watano inayomaliza kilo moja kwa siku nne imekwisha kufikia gramu 50 kwa kila mtu kwa siku, bila soda wala biskuti. Na kiasi cha mtoto ni pungufu ya hicho. Kwa watoto, meno ndiyo huanza kuoza. Unene huja baadaye, nao ni mmoja wa milango ya kisukari cha ukubwani.

Waliokuwa watu wazima mwanzoni mwa miaka ya 1980, sukari ilipoadimika na kupatikana kwa foleni, wanaikumbuka chai ya kijiko kimoja. Leo yatosha kupunguza nusu kijiko kila juma, ulimi huzoea. Aliye katika dawa za kisukari na ashauriane kwanza na mganga wake. Uji wa mtoto waweza kutiwa ndizi mbivu iliyopondwa, na embe akapewa zima, alile mwenyewe hadi kwenye kokwa.