Kiti cha kuegemea kwa kinga ya mikono

Ndugu wakulima, mu koperative zetu kuko wanamemba wenye ulemavu wa miguu wanaopeleka mavuno sokoni kwa kinga ya magurudumu matatu, ile inayoendeshwa kwa mikono. Kazi yao si ndogo. Pale Goma, kwenye Petite Barrière, kila mtu anawajua wanaovuka na mizigo kwenda Gisenyi. Lakini mara nyingi tunakuta kiti chenyewe ni ubao mtupu. Mtu asiyesikia maumivu kwenye matako anapata kidonda bila kujua, na kidonda hicho kinaweza kuchukua miezi kupona. Mihogo inabaki shambani, mwenye kuisafirisha analala tumbo.

Vifaa tunavyo. Tengenezeni kadre mbili za mbao kavu, moja ya kukalia, moja ya mgongo. Mpira wa ndani wa kamyo uliochoka ukateni vipande virefu, upana santimetre 4, muvisuke sawa vile kitanda cha kamba. Mbele kazeni, nyuma legezeni kidogo, ili matako yaingie ndani yasiteleze. Misumari ipigwe upande wa chini, na fundo lolote lisikae chini ya mwili. Mpimeni mwenye kinga mwenyewe, toka mgongo mpaka nyuma ya goti, kisha mupunguze vidole vitatu.

Mgongo ndio unaofanya kazi: mikono ikisukuma bila egemeo, nguvu inarudisha mwili nyuma badala ya kuzungusha mnyororo. Uishie chini ya mifupa ya mabega, mikono ipate nafasi.

Wengine wanapenda kulala sana, kama mwami kwenye kiti chake! Sisi hatukubali. Kwa kinga nyingi mnyororo unavuta gurudumu la mbele. Uzito wote ukirudi nyuma, gurudumu hilo linateleza kwenye mlima wa matope, hata kuinuka. Kwa santimetre 30 za kwenda juu, rudisheni mgongo 10 tu. Gunia nalo likae juu ya ekseli, siyo nyuma yake.

Njiani, kila nusu saa, ajiinue kwa mikono. Jioni mtu wa nyumbani amuangalie ngozi. Kwa ngozi nyeusi wekundu hauonekane vizuri, kwa hiyo aguse: joto au ugumu ni dalili mbaya. Hapo asikalie tena mpaka paponee, na koperative inapashwa kutafuta mwengine wa kuendesha siku hizo, bila kumkata fungu lake.