Jumba la Mahakama la Vuga

Mtu apitaye Vuga, katika Mji Mkongwe wa Unguja, hukuta jumba kubwa lenye matao na kuba. Akiwa mgeni, huenda akadhani ni msikiti au kasri la mfalme. Si msikiti wala si kasri. Ni jumba lililojengwa liwe mahakama, nalo lilimalizika mwaka 1908, katika zama za Sayyid Ali bin Hamud. Mwezi huu twapenda kueleza khabari zake, khasa kwa vijana wetu ambao hupita mbele yake bila ya kujua asili yake.

Aliyelichora ni Mwingereza, John Houston Sinclair, mtumishi wa serikali ya himaya, ambaye tangu 1922 hadi 1924 alikuwa Balozi, yaani mkubwa wa Waingereza katika Unguja. Kabla ya mahakama hiyo alikwisha kuchora nyumba ya Balozi huko huko Vuga, iliyojengwa 1903. Na baadaye akachora Beit el Amani ya Mnazi Mmoja, iliyofunguliwa 1925. Mwenye kuyatazama majumba hayo kwa makini ataona kuwa mkono uliyoyachora ni mmoja.

Lakini mtindo huo Sinclair hakuubuni yeye. Waingereza walikwisha kuutumia India katika karne ya 19, wakitwaa kuba na matao ya Waislamu na kuyatia katika mpango wa majengo ya Ulaya. Mahakama Kuu ya Madras ilijengwa hivyo na kufunguliwa 1892, na jumba kubwa la serikali la Kuala Lumpur likafuata 1897. Sisi twaona kuwa hikima yao ilikuwa hii: mtawala mgeni akivaa nguo za wenyeji, wenyeji humzoea upesi.

Na Waislamu kabla ya hapo walihukumiana wapi? Kadhi hakuwa na haja ya jumba. Aliweza kukaa msikitini au barazani kwake, watu wakamwendea kwa miguu yao, akawasikiliza wote wawili na kuwakatia shauri. Unguja ilikuwa na makadhi wa Kisunni na wa Kiibadhi, nao walikuwa wanavyuoni wakubwa. Mmoja wao ni Sayyid Ahmad bin Sumeyt, aliyefariki 1925, ambaye elimu yake ilijulikana hata nje ya pwani yetu.

Himaya ya Waingereza ilianza 1890. Mwaka ule ule wa 1908 jumba lilipomalizika, ilitoka pia sheria mpya ya mahakama. Sheria hiyo ilikiri kuwa sharia ya Kiislamu ndiyo msingi wa sheria za nchi, lakini juu ya makadhi wakawekwa mahakimu wa Kiingereza. Miaka ilivyokwenda, kazi ya kadhi ikapunguzwa, ikabakia zaidi katika mambo ya nikahi, talaka, mirathi na wakfu. Basi wakati kuba lilipopanda juu, kiti cha kadhi kilikuwa kikishuka. Mahakama ya Kadhi haikufa, alhamdulillahi; Zanzibar ilitunga sheria yake mwaka 1985, na ikatunga nyingine mahali pake 2017.

Yatupasa tupate funzo. Majumba ya kale ya mji huu ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na adui yake ni maji yaingiayo kidogo kidogo bila ya kuzibwa. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ilianguka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Majengo haya ni amana, na amana hutunzwa. Lakini haki nayo huanguka vivyo hivyo, kidogo kidogo, na huanzia majumbani mwetu. Ni wangapi wetu tunaolalamika kuwa mgeni alipunguza uwezo wa kadhi, na hali tunamnyima dada yetu fungu lake la mirathi, au twala mali ya yatima tuliyeachiwa kumlea? Huyo dada hakudhulumiwa na Mwingereza. Katika Suratun-Nisaa Mola wetu ametuamrisha tusimamie uadilifu na tutoe ushahidi wa kweli, ijapokuwa utatudhuru sisi wenyewe, au wazee wetu, au jamaa zetu.

Enyi vijana, mkipita Vuga litazameni jumba lile na mjue khabari zake. Kisha rudini nyumbani mkaulize: je, katika nyumba yetu, kila mwenye haki amepewa haki yake?

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa waadilifu. Amin.