Kabla ya Kuagiza Ng'ambo, Uliza Nodi Jirani

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota vibaya. Seva iliyohitaji programu kutoka ghala la ng'ambo siku ile ilibaki kusubiri, hata kama programu hiyohiyo ilikuwa imeshalala kwenye seva ya pembeni yake. Hospitali, chuo au chama cha kahawa cha Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, kinachotaka kuendesha mifumo yake hapahapa kinapaswa kulifikiria hilo mapema.

Siku hizi programu nyingi husafiri ndani ya imeji ya kontena, yaani furushi lenye programu na mafaili yote inayoyategemea, likiwa limepangwa tabaka kwa tabaka. Kompyuta kadhaa zinazofanya kazi pamoja ni klasta. Kila moja ni nodi. Kwa kawaida kila nodi hujishushia imeji yake kutoka mbali. Tuseme mjini Kayanga, Karagwe, kuna klasta ya nodi tano, laini ya megabiti 5 kwa sekunde na imeji ya gigabaiti 1. Nodi moja itachukua kama dakika 27, na zote tano zaidi ya saa mbili. Lakini nodi moja ikishusha kisha ikawagawia wenzake kwa waya wa ndani wa gigabiti 1, kila mgawo ni takriban sekunde kumi. Tena, tangu Novemba 2020 ghala la imeji la Docker Hub huwawekea kikomo cha kushusha wasiojisajili kwa kuhesabu anwani ya intaneti, kwa hiyo nodi zote nyuma ya rauta moja huhesabiwa kama mteja mmoja.

Je, cha jirani ni salama? Mkulima wa Kagera ana sababu ya kuuliza: tangu mnyauko wa bakteria ubainike mkoani mwaka 2006, mche wa mgomba uliotoka kwa jirani mwema umeweza kuleta ugonjwa shambani bila dalili kuonekana. Imeji ina kinga ambayo mche hauna. Kila tabaka hutambulishwa kwa heshi ya SHA-256, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Biti moja ikibadilika, heshi nzima hubadilika. Nodi inayopokea hukokotoa upya, na zisipolingana hulikataa tabaka. Kwangu huu ndio uzuri wa mpango wote: huhitaji kumwamini aliyekuletea.

Zana za kugawiana imeji hivi zipo tayari. Kraken ya Uber na Dragonfly iliyoanzia Alibaba zilibuniwa kwa maelfu ya mashine. Kwa Kayanga, au Rubwera kule Kyerwa, ningechagua Spegel, ambayo huendeshwa kwenye kila nodi na kuwatangazia wenzake matabaka iliyonayo. K3s, toleo jepesi la Kubernetes, mfumo wa kusimamia klasta za kontena, inayo Spegel ndani yake tangu 2024. Unaiwasha tu kwenye mipangilio.

Angalia mambo mawili. Kwanza, lebo ya imeji kama «latest» huhamishwa toleo hadi toleo, na jirani anaweza kukupa la zamani. Taja imeji kwa heshi yake. Pili, diski ikijaa asilimia 85, Kubernetes huanza kufuta imeji zisizotumika, na tabaka likifutwa kwenye nodi zote hakuna jirani wa kulitoa. Imeji za lazima zihifadhiwe pia kwenye diski ya nje: K3s husoma zilizowekwa kwenye folda yake ya imeji inapowaka, bila intaneti kabisa.